WATAFITI WETU, RUDINI MKASEME MLICHOKIONA!

Haya jamaa zangu, mwenye nyumba karudi. Najua nimekaa kimya siku nyingi, baridi ya Indiana na shifti za usiku si mchezo. Lakini leo nina jambo limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Nisipolitema litanikaba.

Juzi Jumamosi tulikuwa kwenye mnuso wa Watanzania wa huku. Nyama imeiva, ugali upo, na kama kawaida baada ya shibe yakaanza mazungumzo ya kuitengeneza Tanzania. Si mnajua tena, Mtanzania wa ughaibuni akishashiba anakuwa waziri mkuu. Ndugu yetu mmoja, mtu mzima na heshima zake, mwenye shahada mbili, akafuta mdomo akasema: "Tatizo vyuo vyetu havifanyi utafiti. Wenzetu hapa wanatafiti, sisi tunakariri." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akapiga makofi. Mimi nikaweka sahani chini.

Nasema SI KWELI. Utafiti upo, tena upo mwingi mno. Tanzania imetafitiwa mpaka imechoka. Udongo wetu umepimwa, mbu wetu wamehesabiwa, nyumba zetu zimepigwa picha nje na ndani, na bibi zetu wameulizwa kwa wiki wanatumia mizigo mingapi ya kuni. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kipo tangu 1984. Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, lakini kazi ya kufundisha wapima ardhi, wapanga miji na wasanifu majengo pale ilianza zamani. Watu wanafanya kazi jamani. Kinachokosekana ni kitu kidogo ambacho hata mtoto aliyetumwa dukani anakijua: ukitumwa, unarudi na jibu.

Utafiti usiorudi kwa aliyeulizwa haujaisha. Umekatikia njiani. Na mimi nakwenda mbele zaidi, nasema ni deni. Mtu anayedaiwa miaka ishirini akakaa kimya huwa tunamwita jina jingine, sitalitaja kwa sababu wengine ni walimu wangu.

Kabla hamjaniuliza mimi ni nani hata niwaseme wasomi, naanza kwa kujisema mwenyewe.

Mwaka 2002 nilikuwa kijana wa chuo, mfuko mtupu na tumbo tupu. Nikapata kibarua cha msaidizi wa utafiti. Mradi ulikuwa wa chuo kimoja cha nyumbani na kimoja cha Ulaya, majina nayaacha. Tukapelekwa kijiji fulani cha Usukuma na Land Rover, maboksi ya dodoso, mifuko ya nailoni ya kutilia udongo, majembe, na kile kidude cha GPS ambacho wakati ule watoto walikuwa wanakikimbilia kukitazama. Kazi ilikuwa kuchora ramani ya udongo na matumizi ya ardhi ya kijiji kizima, na kuandika watu wanalima nini, wanavuna kiasi gani, wanakaa nyumba za namna gani.

Nikakabidhiwa kwa mzee mmoja anitembeze. Mimi Mnyamwezi, yeye Msukuma, lugha zetu zinasikilizana. Nilipomwamkia "Mwangaluka, baba" akacheka, akaniambia leo wamenileta mtu. Siku nne tulizunguka. Kule juu ya kilima akachota mchanga kwa kiganja akasema huu ni luseni, mwepesi kulima, wa mihogo na karanga. Tukateremka, akanionyesha itogolo. Tukafika chini kabisa mbugani, udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unang'ang'ania kiatu mpaka unatembea peku. Huku ndiko kwenye majaruba ya mpunga, akasema. Kila hatua chache udongo ulikuwa na jina lake, na kila jina lilikuwa na kazi yake.

Mimi nikaandika yote kwa Kiingereza. Na nilijiona mjanja, kwa sababu darasani tulishafundishwa kuwa mpangilio huo wa udongo, kutoka kilimani hadi bondeni, unaitwa katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Nilidhani limetoka Ulaya. Kumbe dhana hiyo, ambayo leo inafundishwa vyuo vya dunia nzima, ilitolewa mwaka 1935 na mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, akiwa anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, Tanga. Yaani imezaliwa Afrika Mashariki, juu ya vilima vyetu sisi! Dunia nzima imeshaletewa habari hiyo. Nenda sasa kamwulize mkulima wa huko kama naye aliwahi kuletewa.

Siku ya mwisho mzee akatupa jogoo. Tunafunga mizigo, akaniuliza: "Mwanangu, mkishaupima huu udongo mtarudi kutuambia?" Nikajibu bila hata kufikiri: "Tutarudi, mzee." Akasema wabeja.

Hatukurudi. Bosi wangu alipata shahada yake ya udaktari. Mimi nilipata posho, nikanunua redio na viatu. Mzee alipata nini? Alipoteza jogoo.

Sasa sikieni Mungu anavyofundisha watu wake.

Mama yangu yuko Tabora. Mwaka 2011 alivuna mahindi vizuri, gunia 18, akayaweka ndani. Ilipofika Desemba akafungua gunia, akakuta unga. Wala si unga wa kupika, ni ule wa vumbi, na punje zimebaki maganda. Dumuzi! Wale wenye kulima mnamjua, wengine wanamwita Skania, kama lori. Mdudu huyu asili yake Amerika ya Kati, na hapa Afrika aligunduliwa kwa mara ya kwanza Tabora kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama aliniambia kwa simu maneno ambayo sijayasahau: "Nimelima, nimepalilia, nimevuna, halafu naenda kununua unga dukani kama mtu wa mjini." Nikatuma dola. Nikajiona mtoto mwema.

Mwaka 2013 nikapita kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti yetu hapa Indiana, nilimpeleka mwanangu kutazama ng'ombe. Nikakuta meza ya Chuo Kikuu cha Purdue, na juu ya meza kuna gunia. Nikauliza hili la nini. Binti wa pale akanieleza: nje ni gunia la kawaida la plastiki la kusuka, ndani mna mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwingine. Unajaza nafaka iliyokauka vizuri, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake, unakaza. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza oksijeni, wanaacha kula. Na kwa kuwa wadudu hao maji yao ya mwilini wanayapata kwa kuunguza chakula kwa oksijeni hiyo hiyo, ikiisha wanakauka kwa kiu. Hakuna dawa hata chembe. Gunia hilo, lijulikanalo kama PICS, lilianzia kaskazini ya Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, Profesa Larry Murdock wa Purdue na wenzake wakitafuta njia ya kuokoa kunde za wakulima wadogo. Baadaye likaonekana linafaa kwa mahindi pia, na linamzuia hata dumuzi.

Ndugu zangu, nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi. Chuo kilicholibuni gunia la kuokoa mahindi ya mama yangu kiko mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka ninapolala! Mama yangu kapoteza gunia 18, na jibu lilikuwepo duniani zaidi ya miaka ishirini. Halikumfikia. Siku ile ndiyo nilimkumbuka yule mzee wa Usukuma na jogoo wake. Kumbe ndivyo inavyouma.

Sasa turudi kwa yule ndugu yetu wa kwenye mnuso. Anasema wenzetu wanatafiti. Ndiyo, lakini siri yao haiko hapo. Ngoja niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu.

Nina kibustani nyuma ya nyumba, mchicha, maboga, nyanya. Mwaka mmoja nyanya zikaanza madoa, majani ya chini yanakuwa njano, yanakauka. Jirani, mzee wa Kizungu, akaniambia chukua jani peleka ofisi ya ugani. Nikaenda na jani langu kwenye mfuko wa mkate, nikitegemea kuambiwa njoo kesho, au leta barua. Mama mmoja akalitazama, akaniambia ni ugonjwa wa ukungu. Usimwagilie majani, mwagilia shina. Kata majani ya chini yaliyougua, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na mwakani usipande nyanya wala viazi wala biringanya mahali hapo. Akanipa karatasi mbili zilizoandikwa kwa lugha ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaelewa. Chini ya karatasi kuna jina la chuo kikuu.

Hakuniuliza pasipoti. Hakuniuliza shahada. Na ofisi ya namna hiyo iko katika kila kaunti ya Indiana, zote 92.

Je, haya yamekuja kwa sababu Wamarekani ni watu wema? Hata kidogo! Yamekuja kwa SHERIA. Mwaka 1862, katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe, Lincoln alitia saini sheria ya kuzipa majimbo ardhi ili waanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Mwaka 1887 ikaja sheria ya kuweka vituo vya majaribio ya kilimo. Lakini wakaona matokeo yanabaki chuoni, mkulima haoni kitu. Ndipo 1914 wakatunga sheria ya tatu, ya ugani: yanayogunduliwa chuoni yapelekwe kwa mkulima, na gharama zigawanywe kati ya serikali kuu, majimbo na kaunti. Yaani nao walikuwa na ugonjwa wetu huu huu. Walichofanya ni kuutungia sheria na kuutengea fedha.

Na msidhani nawapigia debe. Ardhi ile ya kuanzishia vyuo, karibu eka milioni 11, ilitoka kwa wenyeji Wahindi Wekundu, makabila karibu 250, wengine walilipwa vijisenti na wengine hawakulipwa kitu. Vyuo vyenyewe katika majimbo ya kusini vingi vilikuwa vya Wazungu, mpaka 1890 ndipo sheria nyingine ikaupanua mlango wa vyuo vya watu weusi. Lakini nataka mjue kwamba miongoni mwa waliolielewa somo hili mapema ni Mwafrika, tena mtu aliyezaliwa utumwani. George Washington Carver aliingia kufundisha Tuskegee, Alabama, mwaka 1896. Aliona wakulima weusi maskini hawawezi kuja chuoni, basi chuo kikawafuata. Mwaka 1906 wakatengeneza mkokoteni wa kukokotwa na wanyama, wakapakia vifaa vya kilimo na vya nyumbani, ukawa unakwenda mashambani kufundisha. Aliandika vijitabu vifupi, vyepesi, jinsi ya kulima kunde, viazi vitamu na karanga kwenye udongo uliochoshwa na pamba. Mkokoteni! Leo sisi tuna Land Cruiser na viyoyozi, lakini linakwenda kijijini kuchukua tu, haliendi kurudisha.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia.

La kwanza mtasema: Kiswahili hakina istilahi za kisayansi. Ebo! Mzee wa Usukuma ana jina la kila aina ya udongo shambani kwake, wewe mwenye shahada tatu ndiye uliyekosa maneno? Mkulima ameshampa mdudu jina, dumuzi, bila kusubiri kikao. Na kama ni istilahi za vitabuni, TUKI walishachapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Maneno yapo. Tena dodoso ulipolipeleka kijijini ulilitafsiri kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri, ili ujibiwe. Maswali yana Kiswahili, majibu hayana? Huo ni muujiza.

La pili mtasema: wakulima hawasomi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vijitabu vya Kiswahili, vipindi vya redio, vikundi vya kujisomea chini ya miembe, wakashiriki watu wapatao milioni mbili. Watu wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo. Redio ilikuwa moja na barabara ni mbovu kuliko leo! Leo kila kijana kijijini ana simu mfukoni, halafu unaniambia huna njia ya kumfikia?

La tatu mtasema: mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala za majarida ya kimataifa, hapandishwi kwa karatasi mbili za Kiswahili. Hapo nakubali, tena hapo ndipo penye kidonda. Mtu anafanya kile anacholipiwa. Basi tubadilishe kinacholipiwa, tuache kuwalaumu watu wenye watoto wa kusomesha.

Na tusidhani ni kilimo peke yake. Chukua nyumba. Mwaka 2009 nilimjengea mama nyumba, ile mnayoijua ya watu wa ughaibuni: tofali za saruji, bati la rangi, dirisha kubwa la kioo. Picha nilizotumiwa nilimwonyesha kila mtu kazini. Baadaye nikaenda likizo, nikalala humo. Jamani, ni tanuri. Mama anakaa barazani mpaka saa tano usiku akisubiri chumba kipoe, na huko barazani mbu wanamla. Nilijenga joto na malaria kwa dola zangu mwenyewe.

Sasa wasanifu kutoka Denmark pamoja na watafiti wa malaria walijenga nyumba sita za majaribio katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga. Vyumba vya kulala viliinuliwa kutoka ardhini, vingine ghorofani. Kuta nyepesi zinazopitisha upepo lakini hazipitishi mbu. Hakuna ule uwazi kati ya ukuta na paa ambao mbu wa malaria huutumia kama mlango wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: mbu walioingia ndani walikuwa wachache sana kuliko kwenye nyumba za kawaida, na ndani kulikuwa na nafuu ya joto. Yamechapishwa wapi? Kwenye jarida la Kiingereza la madaktari. Nani anajenga nyumba Tanzania? FUNDI. Fundi wa Tabora anasoma jarida la madaktari? Jirani ya mama kamaliza nyumba yake karibuni, tanuri jingine, fundi ni yule yule, na fundi hana kosa. Hakuna aliyemwambia. Magoda ni Tanzania, si mwezini!

Kwamba inawezekana tukitaka, mfano upo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, Dar es Salaam, wakatembea vichochoro pamoja na wakazi wenyewe wakichora ramani: bomba la maji liko wapi, choo kiko wapi, mfereji umeziba wapi. Kuanzia 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachora kata nyingine nyingi, hasa zile zinazofurika mvua ikinyesha. Na ramani ile hawakuifungia kabatini, waliiweka kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote mwenye intaneti anaiona bila kulipa. Mafuriko hayajaisha Dar, sisemi hivyo. Nasema kwamba mwenye mtaa anaweza kuuona mtaa wake. Aliyepimwa anakiona kipimo. Ndicho ninachodai, basi.

Hata lile gunia la Purdue lina funzo. Likikaa miaka na miaka linajulikana na wachache, mpaka 2007 ulipoanza mradi mkubwa wa kulisambaza Afrika Magharibi. Na walilisambaza vipi? Walikwenda vijijini, wakajaza nafaka mbele ya watu, wakafunga, wakaondoka. Baada ya miezi kadhaa wakarudi, wakaita kijiji kizima, wakafungua hadharani. Watu wakaona kwa macho yao punje ni nzima. Mnaona? WALIRUDI. Utafiti wote wa maabara ungekuwa bure bila siku ile ya kurudi na kufungua.

Kwa hiyo natoa madai yangu matatu, mwenye kunipinga anipinge kwa hoja.

Moja. Vibali vya utafiti nchini vinatolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mtafiti anaacha ripoti Dar es Salaam, vizuri, lakini Dar es Salaam haikuulizwa maswali. Kibali kiwe na sharti: karatasi mbili za Kiswahili, na ramani kama ilichorwa, zipelekwe kijijini na zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Asiyerudi asipewe kibali cha pili, awe Mzungu awe Mmatumbi.

Mbili. Karatasi hizo zihesabiwe kwenye kupandisha vyeo. Mhadhiri aliyerudi vijiji vitano na aliyeandika makala tano wakae meza moja.

Tatu. Kila mradi utenge fedha za kurudi tangu siku ya kwanza, kama unavyotenga za tiketi ya ndege. Tiketi ya kwenda bila ya kurudi ni ya mtu anayehama, si ya mtafiti.

Na sisi wa ughaibuni tusijifiche nyuma ya nyama choma. Wangapi kati yetu tulisomea shahada zetu kwa data za vijijini kwetu? Mikono juu!

Mimi nimeanza kulipa. Niliitafuta ile ripoti yetu ya 2002, nikaipata kwenye maktaba ya kile chuo cha Ulaya, kwa kompyuta, kurasa mia mbili na ushee, Kiingereza kitupu. Jina la mzee halimo. Kaandikwa Mhojiwa Namba 14. Nikaifupisha kurasa tatu za Kiswahili, nikatafuta simu ya mtendaji wa kijiji, akaniunganisha na mtoto wa yule mzee. Mzee mwenyewe alishafariki. Nikatuma kwa Wasapu, nikakaa nasubiri shukrani.

Kesho yake akajibu: "Kaka, asante, lakini haya mbona tunayajua? Si ndiyo aliyokuwa anasema baba?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi. Kisha akaandika tena: "Ila hapa umesema mlichora ramani. Hiyo ramani iko wapi? Tuna ugomvi wa mpaka na kijiji cha jirani miaka sita sasa, na tumeambiwa tuchange fedha kupima upya."

Ramani. Mimi ndiye niliyetembea na kidude cha GPS kuzunguka mpaka ule, na wazee wa vijiji vyote viwili walikuwepo, wanaonyesha miti na mawe. Nikarudi kwenye ripoti. Imeandikwa kwamba ramani imewekwa kwenye mfuko nyuma ya jalada. Nakala ya kompyuta haina mfuko. Nimeiandikia maktaba, wamenijibu kwamba ipo, wanaweza kuipiga picha kwa malipo. Nimelipa. Ikifika nitaichapisha kubwa, nitaipeleka kwa mkono wangu, na safari hii jogoo nitapeleka mimi.

Sijui kama itamaliza ugomvi wao. Ninachojua ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini kijiji kile kimekuwa na ramani yake bila kuwa nayo.

Haya, naingia kazini. Aliyewahi kubeba dodoso kijijini akasema "tutarudi", ajue bado anangojewa.